Mchana Kweupe

Barabarani Bogotá wanaume wamesimama,
utajiri wao umekunjwa katika karatasi nyeupe
kama dozi ya kwinini.
Eliécer alimvuta Rosalba mgahawani, akafunua moja:
zumaridi, ndogo kuliko punje ya mtama.
"Usiitazame humu," alisema.
"Taa za humu hulisifu kila jiwe,
hata kigae cha chupa."

Basi akatoka nje, akangoja jua.
Mawingu ya mlimani yalikaa nusu saa,
kahawa ikapoa mezani.
Jua lilipochungulia aliuona:
ufa, mwembamba kama unywele wa mtoto.

Bei ikashuka.
Akanunua.

Sonara aliyeyusha pete ya marehemu,
ile iliyolala miaka miwili
kwenye kopo la vifungo,
akauliza bila kuinua macho:
"Ufa tuufiche chini ya kucha ya dhahabu?
Hakuna atakayejua."

Rosalba alimkumbuka Hernando,
mkoromo wake, deni lake kwa muuza nyama,
meno yake mawili ya mbele yaliyogombana.

"Uache uonekane," akasema.
"Hata yeye
nilimkubali mchana kweupe."