Ngata

Kizota, saa moja kasoro, vumbi bado limelala.
Nafungua kufuli, naisalimu mashine: mbukwa.
Haijibu. Sahani yake ya chuma imelala chali
kama sinia lililooshwa, linasubiri ugali.

Mbeleje, kijana mpya, ananicheka.
Cheka. Ukimaliza, njoo usome kibao hiki ubavuni:
kilo mia tano.
Kiamini, lakini si chote.
Mia tano ni za mzigo uliokumbatiana na meza.
Ukichomoza mbele kama ulimi wa mwenye kiu,
kilo zilezile zinazaa.
Shika ndoo ile karibu na tumbo. Sasa nyoosha mkono.
Unaona? Maji hayajaongezwa.

Mimi kichwa kilinifundisha kabla ya chuo.
Kutoka kisimani Ng'hong'onha mpaka kwetu,
ngata ikikaa upande nusu kidole,
maji ni ya njia, fimbo ni yangu.

Kwa hiyo nikikwambia katikati
sisemi katikati ya macho.
Tangi hili la mvinyo lina mdomo upande mmoja,
na mdomo umevaa kola nene.
Katikati ya umbo si katikati ya uzito.
Tafuta hiyo ya pili. Haina alama ya chaki.

Winchi ishuke taratibu.
Mnyororo usiulegeze mpaka boliti ya nne imeuma.
Si ya tatu. Si "hii itashika tu, dada."
Waya wa ethi upe njia yake;
umeme ukiachwa ujitafutie, utapita kwenye beringi,
utazila kimyakimya
na wewe utalaumu grisi.

Kisha zungusha mara moja bila moto,
mguu kwenye pedali, kidole jirani na kitufe chekundu,
sikio ndilo linafanya kazi.
Mota ikiimba sauti moja, mzigo umekaa.
Ikiguna mdomo ukipanda,
ikikimbia mdomo ukishuka,
simamisha, fungua, anza upya.
Usione aibu. Aibu haina uzito wowote.

Lile shimo sakafuni lizunguke.
Fundi Ndahani alitaka kuliziba, nikamkatalia.
Ilikuwa Agosti, Hombolo wanapiga simu kila saa,
zabibu hazijui kusubiri,
nami nikafunga boliti tatu
nikaiinamisha meza digrii arobaini.
Tangi liligeuka nusu, polepole,
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani,
likaondoka.

Vumbi lilipotulia nikaita jina lake.
Nikaita tena.
Akaingia mlangoni, jasho shingoni, mkononi vocha.
Alikuwa ametoka kuinunua, dakika hiyohiyo,
aliyekuwa amechuchumaa palepale na tepu yake ya kupimia.
Vocha ya mia tano.
Huwa naamka usiku nikizipima:
kilo mia tano, shilingi mia tano,
na mizani yangu mpaka leo
haijakaa sawa.

Basi. Kunja mikono ya ovaroli, hapana, ifunge kabisa,
kitu kinachozunguka kinapenda nguo.
Vaa barakoa. Utaona uzuri wake:
mimi nitatulia kama niliyeketi kusuka mkeka,
moto utakaa juu, mahali pamoja,
na chuma kitajileta chenyewe,
duara zima bila kuinuka,
mshono umelala magamba magamba
kama perege wa Mtera.

Mbeleje haongei.
Anaizunguka meza, analikwepa shimo,
na akidhani nachagua fimbo za kuchomelea
anarudi kwenye boliti ya nne,
anaining'inia kwa spana, mwili mzima,
miguu karibu iache sakafu.

Inalia kidogo. Bado ilikuwa na robo.

Mguu wangu haujagusa pedali.