Mdomo Uelekee Mlimani

Kigingi cha mkungugu, kamba ya katani,
mita mbili na nusu hadi kidole gumba cha mguu:
ndivyo Mbeleje alivyotufundisha kuuchora mwezi chini.
Vuta kamba ikaze, tembea kama mbuzi aliyefungwa,
kisigino kikikwaruza udongo wa Mpwayungu,
mwekundu, mgumu kama deni.
Ukifika nusu, acha.
Nusu nyingine ni ya maji.

Tulikuwa kumi na saba, wanaume watatu.
Wapita njia walisimamisha pikipiki watucheke:
"Mnamchimbia nani makaburi mafupi hivi?"
Mbeleje hakuinua uso.
"Njaa," akasema. "Kama unajua urefu wake, shuka utupimie."

Mimi nilikuwa mjuaji.
Nimepinda matao ya madirisha ya wakubwa kule Iyumbu,
nimepandisha hilali ya bati juu ya mnara,
kamba kiunoni, misumari mdomoni,
Dodoma yote chini yangu ikimeremeta mabati.
Mimi nifundishwe nusu duara?
Nikachukua kona ya juu, peke yangu,
nikachimba arobaini na mbili,
matuta yakitunisha matumbo kuutazama mlima,
kama ngome.

Maana ngome ndiyo niliyoijua.
Babu yake bibi yangu alibeba mawe kichwani
kujenga boma la wageni juu ya kilima,
na mbele ya lango wakamwamuru aupinde ukuta,
tumbo nje, matundu ya bunduki
yakiitazama njia ileile
ambayo jioni angeishika kurudi kwake.
Bibi alisema alizikwa na shingo fupi.
Ukuta upo. Mijusi wamepanga humo,
na vijana hupanda juu yake kutafuta mtandao.

Mvua ya kwanza iliingia usiku, katikati ya Desemba,
bila hodi.
Alfajiri nilikwenda shambani, kandambili mkononi.
Miezi ya Mbeleje ilikuwa imejaa,
rangi ya chai ya maziwa,
na kila mmoja umekamata kipande chake cha wingu.

Yangu?
Maji yalishuka mbio,
yakagonga tumbo la tuta, yakagawanyika huku na huku,
yakaenda zao korongoni
yamebeba mgongoni mtama niliokuwa nimeupanda kavu.
Ndani ya matuta, vumbi. Chungu wakitembea hawana habari.
Ngome arobaini na mbili,
na hata moja haikutekwa.

Nilisubiri anicheke.
Alizunguka mwezi mmoja, akazunguka wa pili,
akachuchumaa, akatia kiganja mle ndani pakavu.
"Ulikuwa unamzuia nani?" akauliza,
na aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.
Sikuwa na jibu lenye jina.
Akanipa jembe, akachukua la kwake.

Tuligeuza thelathini na moja kabla ya mvua ya pili.
Viganja vyangu vya ufundi vilitoka malengelenge
kana kwamba havijawahi kushika kitu.
Kumi tuligeuza baadaye, zimechelewa,
zikaota mlenda tu, nasi tukaula mlenda.

Sasa ni Machi. Nikipanda mlimani kutafuta kuni
naliona shamba limejipanga magamba ya kijani,
magamba ya samaki mkubwa
ambaye nchi hii haijawahi kumwona,
na midomo yote imenielekea mimi,
wazi, kama ya makinda.

Moja sikuigeuza.
Iko kule mwisho, tumbo juu, kavu.
Watu huniuliza, nawaambia nimesahau.
Upepo ukivuma kutoka mlimani
mbuzi wa Msaulwa huja kulala nyuma ya tuta,
wawili, watatu, wakicheua,
na siwafukuzi.