Hatua Kumi na Mbili

Dinamo ya baba nimeing'oa.
Ilinyonya mguu kama kupe:
nikishuka inawaka, nikipanda inasinzia,
nikisimama inakufa,
yaani pale hasa ninapotaka kuona
ndipo inapofumba jicho.

Fedha ya mnada wa pili wa korosho ilipoingia
nikaenda kwa Nampunju, Newala mjini.
Akanipangia taa juu ya kaunta:
moja kubwa kama kopo la maziwa,
moja yenye macho matatu,
na moja ndogo, saizi ya kiberiti, nyeusi, haina maneno.
"Hii kubwa, Somoe, inamulika hadi Msumbiji!"
Ilikuwa saa saba mchana.
Mchana taa zote hodari, kama wachumba.

Nikaomba kuingia stoo.
Nikachuchumaa nyuma ya mifuko ya saruji,
nikafumba macho, nikahesabu hadi thelathini,
kisha nikaziwasha ukutani, moja moja.
Kubwa ikatoboa tundu jeupe, pembeni giza tupu.
Ya macho matatu ikazima. Nikaipiga kofi, ikawaka,
nikairudisha: taa ya kupigwa makofi sitaki.
Ndogo ikatandika mwanga kama mkeka,
mpana chini, juu umekatwa,
kana kwamba aliyeitengeneza
aliwahi kukutana na mtu njiani.

Nikavuta mpira wake wa kufungia, haukunung'unika.
Nikatafuta swichi kwa kidole gumba, macho kando.
"Inakaa saa ngapi?"
"Mwanga mdogo, usiku kucha.
Mkubwa, saa mbili na ushee, nisikudanganye."
Kwa hilo la nisikudanganye, nikalipa.

Saa kumi alfajiri, mikate themanini kwenye kreti.
Ukungu umekaa Newala kama mgeni asiyeaga.
Nikawasha mwanga mkubwa,
ukanirudia usoni, ukuta mweupe, kama nimejimulika mwenyewe.
Nikaupunguza.
Barabara ikarudi kidogo, kiasi cha tairi kutosha.

Hilo nililijua siku ya kwanza, bure.
La pili lilikuwa na bei.

Nilikuwa nimeiinua pua, sijui kwa nini,
labda nilitaka kuiona Kitangari nikiwa bado kwetu.
Ukungu ulikuwa umekatika, nikaongeza mwanga.
Kwenye kona akatokea Chilumba
na madumu mawili, ametoka kupanga foleni ya maji
tangu saa nane.
Nilisikia breki, kisha maji.
Maji yakimwagika kwenye mchanga wetu
hayana sauti ndefu,
yameshanywewa kabla hujasema pole.

Akakaa chini, mkono machoni.
"Wewe umeiona njia," akasema.
"Mimi umeniona?"

Nikampa mikate miwili, akapokea mmoja.
Jioni nikapanga foleni mie,
nikampelekea madumu mawili hadi mlangoni.
Mkewe akayainua kidogo, moja moja,
kuhakikisha yamejaa.

Siku ya pili yake nikaisimamisha baiskeli uani usiku,
nikahesabu hatua kumi na mbili kutoka gurudumu la mbele,
nikachora mstari kwa kisigino,
nikaikaza taa pale mwanga unapogusa mstari.
Sasa mchanga mzito nauona,
mzizi wa mkorosho nauona, jiwe nauona.
Uso wa mtu siuoni.
Naona miguu yake kwanza, nayo inatembea,
haisimami, haifumbi.
Ya Chilumba naijua:
lapa la kushoto limeshonwa kwa waya.
"Za asubuhi, Somoe." "Njema. Maji yapo?" "Yapo."

Nikifika dukani naivua,
maana taa iliyoachwa kwenye baiskeli ina wenyewe wengi.
Naitia mfukoni, nahesabu mikate.
Ina joto pajani,
kama yai lililotoka kutagwa.