Upande wa Tisa

Santuri ni kumi na moja, nzito kama vigae,
ndani ya sanduku la bati lililoandikwa MISUMARI.
Baba alikuwa karani wa stoo Nachingwea
mwaka ule Wazungu wa karanga walipokunja mahema
wakaacha matrekta yaote majani.
Mshahara wa miezi miwili haujalipwa,
bwana stoo akasema: basi, chukua gramafoni.
Baba akachukua.
Mama hakumsemesha hadi Ijumaa.

Kwenye lebo, jina la mtunzi: E. Varnoux.
Tulilisoma Vanuksi,
kama dawa ya minyoo.

Sindano zilipokwisha baba alichonga miiba ya mchongoma,
mmoja kwa kila upande, akiupuliza kabla ya kuutua.
Upande wa tisa ndipo kaka Chitanda, marehemu sasa,
alipoendesha gari lake la kopo, duara kwa duara.
Tangu siku hiyo yule mwanamke wa santuri
hufika pale juu, pumzi imemjaa,
husema zhame, hurudi nyuma, zhame, hurudi,
nasi uani tunabangua korosho, vidole vimeungua mafuta,
tunamwitikia: Jamani! Jamani!
Baba alikataza mtu kuugusa ule mkono.
Bibi alisema huo ni mlio wa mbuzi anayechinjwa;
lakini siku mtoto wa jirani alipozikwa
alisogeza mkeka, akasikiliza mpaka mwiba ukalainika.
Huyu naye kafiwa, alisema,
akaenda kuchochea moto.

Sasa nina banda Chuno, hapa Mtwara,
natengeneza simu, redio, pasi za watu.
Mwaka jana akaja Mfaransa wa gesi, kutoka Msimbati,
chaja yake imeungua.
Akaona lebo. Akakalia ndoo.

Alinipa habari za mtu huyo vipande vipande,
kwa Kiswahili chake cha miezi sita.
Mtoto wa fundi viatu. Opera saba.
Ya kwanza walizomea, ya pili walisinzia,
ya tatu hakuikumbuka.
Ya nne ilichezwa usiku mia moja na mbili,
mtunzi akanunua nyumba yenye bustani;
ya tano ikaiuza.
Ya sita ndiyo hii. Ilitiwa kwenye santuri mara moja tu,
siku tatu za baridi, mwimbaji ana mafua.
Ya saba aliifungia kwenye meza, akafa na ufunguo.
Huko kwao, alisema, zimebaki santuri sita,
na upande wa tisa haumo.

Nikamwekea.
Sauti ikapanda, ikafika, ikakwama.
Yule bwana akavua miwani.
Akasema kwenye karatasi neno hilo liko mara moja,
maana yake kamwe.
Mara moja, halafu kimya cha pumzi nne, halafu pazia.

Pumzi nne. Baba alikufa hajazisikia.
Nyumbani kwetu yule mama hakuwahi kumaliza kukataa.

Alitaka kununua; nikamwambia haziuzwi,
ila simu unayo, na bando unalo.
Akarekodi. Akaniomba kwa mkono, kwa macho,
niuvushe mwiba juu ya mkwaruzo.
Nikausukuma kwa kidole, hivi, kidogo tu.
Akasema kamwe. Akanyamaza.
Katika kile kimya akapita bodaboda,
kinu cha Mama Asumini kikagonga mara mbili,
na kunguru, juu ya bati, akalia kwa nguvu zake zote.

Mwezi uliopita wameandika kutoka maktaba yao.
Wameshukuru mno.
Wameuliza ni ndege gani.
Nikajibu: kunguru.
Wakauliza kama anaweza kuondolewa.

Ujumbe huo bado nimeuacha hapo,
kuna redio ya mtu inaningoja, na risasi ya kuunganishia imekwisha.
Jioni nikishafunga banda naweka upande wa tisa.
Sisukumi.