Kupima Mapazia

Aliomba ufunguo kwa nusu saa tu,
Bwana Chilongani, apime mapazia.
Nikampa. Malipo ya kwanza yalishaingia,
hati bado iko ardhi, inangoja muhuri.

Jumanne nimepita Ilazo:
godoro sebuleni,
ukuta wa jikoni rangi ya chungwa,
mzabibu wa marehemu Sechelela umekatwa
pikipiki ipate banda.

"Karibu," ananiambia mlangoni,
"vua viatu, tumedeki."

Nikavua.
Nikakalia stuli yangu mwenyewe,
nikanywa chai ya mgeni.
Salio sikuliuliza; koo lilijaa vumbi,
au nasingizia vumbi.

Giza likaingia. Kutoka, mkono wangu
ukaenda wenyewe kwenye swichi ya nje,
nyuma ya mlango, chini kidogo.

"Acha, mzee," akasema.
"Tutazima wenyewe."