Kopo Namba Arobaini na Moja

Maabara ya Kutaisi, theluji dirishani.
Lamzira anachota unga wa maziwa
kwa kijiko cha ukaguzi,
si kile cha plastiki kilichozikwa koponi.

Lebo yasema: madini ya chuma, sita.
Kipimo chasema: mbili.

Na pale mbele, mtoto mnene
anacheka tangu kiwandani.
Sheria mpya haimtaki.
Kibaya chajitembeza,
na huyu ndiye miguu yake.

Lamzira anamkwangua kwa ukucha,
polepole, kama anayemfuta kamasi.
Nyuma ya kopo, kwa herufi ndogo kama chawa:
Ziwa la mama ndilo bora.

Anaandika: *Lirudishwe.*
Kalamu inasita.

Tsiala wake, majira yale ya giza,
umeme hakuna, ziwa limekauka,
alikuzwa kwa kopo hilihili.

Hakuna aliyepima.