Ukurasa Mmoja

Mchungaji ameniomba ukurasa mmoja, usizidi,
historia ya ushirika wetu,
uwekwe kati ya zaburi na matangazo ya harambee.
Mimi ndiye karani. Ninayo madaftari manne;
moja limeliwa na mchwa mpaka mwaka wa themanini na tatu.

Basi, tulianza sebuleni.
Kimara, kwa Mama Kainyu, watu tisa na kuku
aliyegoma kutoka chini ya kochi hata wakati wa sala.
Mwalimu Hiribae, mpimaji mizigo bandarini,
alikuwa na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada:
wa kwanza hadi wa kumi na mbili zilikwisha chanika.
Ndiyo maana hata leo
wazee wetu huanzia wa kumi na tatu.

Halafu baa. Naandika; mchungaji atafuta.
Baa ya Mangi, Jumapili asubuhi, shilingi thelathini.
Tulitubu juu ya meza zenye miduara ya chupa.
Mama yangu alifika alfajiri na ndoo na sabuni ya mche
kuisugua Jumamosi itoke sakafuni.
Haikutoka yote.
Mimi nikisikia harufu ya bia
hunijia Zaburi ya ishirini na tatu.

Halafu banda la mirunda na mabati ya mtumba.
Masika yakishuka, mhubiri hukatika katikati ya neno,
tukakaa tunatazamana, vinywa vimefungwa,
saa nzima.
Hakuna aliyeondoka. Sijui niite nini kile
kama si ibada.

Halafu tofali. Daftari la tatu, mwandiko wangu wa ujana:
Nakiete Mbwambo, tofali kumi na moja.
Mwasota, saruji mifuko miwili, mmoja umeganda.
Bi. Mwanahawa, jirani, si wa kwetu,
maji ya kukandia zege, madumu arobaini,
hataki jina lake liandikwe.
Limeandikwa.

Fundi Lusajo alichonga jiwe la msingi
usiku kucha kwa taa ya chemli:
KANISA LA METHIDOSTI.
Askofu alivuta kitambaa, akasoma, akakohoa,
akalibariki hivyohivyo.

Miaka ishirini na sita tuliitika kwa jina lile.

Kisha barabara ikataka kunenepa.
Wakaja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu,
wakachora X kando ya mlango.
Mtoto wa shule ya Jumapili akaniuliza:
"Kanisa limekosa swali gani?"
Nilitafuta jibu mfukoni, nikapata chaki.

Tulibandua mabati wenyewe,
misumari tukainyoosha kwa nyundo mmoja mmoja,
tukaitia kwenye kopo la maziwa.
Tingatinga likaanza kunguruma pale kituoni,
na mama, miguu imevimba, akarudi kufunga mlango kwa ufunguo.
Juu hakuna paa, madirisha matupu.
"Nyumba ya watu haiachwi wazi," akasema.

Sasa tuko Kibamba. Ukuta umefika kwenye lenta
na hapo umekaa tangu mwaka juzi.
Ufunguo ninao mimi; mama amelala Kinondoni.
Pale palipokuwa na mimbari
magari hupita, hayapunguzi mwendo.

Limebaki jiwe.
Bi. Mwanahawa aliliokota kwenye kifusi, akaliburuta
kwa kamba, peke yake, hadi uani kwake.
Tulitumwa mimi na vijana watatu na toroli, kulidai.
Tulimkuta analifulia:
kola za wajukuu, povu limejaa ndani ya herufi,
METHI ikiwa nyeupe, DOSTI ikiwa nyeupe.
Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga.
"Lenu hilo. Chukueni."

Vijana wakainama. Nikawazuia.
Nikamwambia amalize kwanza kufua, tutarudi.

Ni mwaka wa tatu huu. Nguo bado zipo.